Chanjo Inapokutana na Ugonjwa Usio Wake: Funzo la Mlipuko wa Nipah Katika Mashamba ya Nguruwe

Mwishoni mwa Septemba 1998, wafugaji wa nguruwe wa maeneo ya jirani na mji wa Ipoh, katika jimbo la Perak nchini Malaysia, walianza kufika hospitalini wakiwa na homa kali, maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kutapika. Kwa wengi wao hali ilibadilika ndani ya siku chache: walilegea, wakasinzia kupita kawaida, kisha wakapoteza fahamu. Baadhi yao hawakuzinduka tena.

Mamlaka za afya hazikukaa kimya. Ugonjwa ulitajwa kuwa homa ya ubongo ya Kijapani, maradhi ya virusi yanayoenezwa na mbu na ambayo huzaliana kwa wingi ndani ya mwili wa nguruwe. Dawa ya kuua mbu ikapulizwa mashambani na vijijini. Nguruwe wakachanjwa. Watu waishio karibu na mabanda nao wakachanjwa. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa sahihi kwa ugonjwa uliotajwa, na chanjo iliyotumika ilikuwa na historia nzuri. Hata hivyo wagonjwa waliendelea kuongezeka, kwa sababu ugonjwa uliotajwa sio uliokuwa ukiwaua. Hadi mlipuko ulipodhibitiwa mwaka 1999, watu 265 walikuwa wameugua uvimbe wa ubongo nchini Malaysia na 105 miongoni mwao walikuwa wamefariki dunia, yaani takribani watu 40 katika kila wagonjwa 100.

Historia hii huelezwa mara nyingi kama kisa cha kugunduliwa kwa kirusi kipya. Kwa wahudumu wa afya, wataalamu wa mifugo na wafugaji, ina funzo jingine lenye manufaa ya kila siku: ufanisi wa chanjo hauwezi kutenganishwa na usahihi wa utambuzi wa ugonjwa. Chanjo inapoonekana kutofanya kazi katikati ya mlipuko, matokeo hayo yenyewe ni taarifa ya kitabibu inayostahili kusomwa kwa makini.

Kwa nini dhana ya kwanza ilikubalika

Dhana ya homa ya ubongo ya Kijapani haikuzuka hewani. Ugonjwa huo ulikuwa ukifahamika Malaysia kwa miaka mingi. Kirusi chake hubebwa na mbu jamii ya Kuleksi wanaozaliana katika mashamba ya mpunga na madimbwi, na nguruwe ni mnyama ambaye kirusi hicho huongezeka ndani ya damu yake kwa kiwango cha kutosha kuambukiza mbu wengine. Penye mabanda ya nguruwe, mbu na wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo, daktari yeyote wa ukanda huo angeufikiria ugonjwa huo kwanza.

Maabara nayo ilitoa ushahidi wa kuunga mkono. Sampuli za baadhi ya wagonjwa wa mwanzo zilionesha dalili za maambukizi ya homa ya ubongo ya Kijapani. Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Kipimo kilichokuwa chanya kwa wagonjwa wachache kilichukuliwa kuwa maelezo ya wagonjwa wote. Wahudumu wa Afrika Mashariki wanaufahamu mtego wa namna hii kupitia malaria: mtoto mwenye homa anaweza kukutwa na vimelea vya malaria katika damu, ilhali homa yake inatokana na uambukizo mwingine. Kipimo husema kilichopo mwilini. Kuamua kama hicho ndicho kinachomuumiza mgonjwa ni kazi ya anayemhudumia.

Mambo yaliyopingana na dhana

Kadiri miezi ilivyosonga, mambo kadhaa yalijitokeza ambayo hayakulingana na tabia ya homa ya ubongo ya Kijapani.

La kwanza ni umri. Homa ya ubongo ya Kijapani huwapata zaidi watoto, kwa kuwa watu wazima wa maeneo yenye ugonjwa huo huwa wameshajenga kinga. Mlipuko huu uliwaangusha wanaume watu wazima walio katika umri wa kufanya kazi.

La pili ni kazi. Waliougua walikuwa wale wanaolisha nguruwe, kuwatibu, kuwazalisha na kuwapakia kwenye malori. Majirani walioishi karibu na mashamba hayo, wakiwamo Waislamu ambao hawagusi nguruwe, kwa kiasi kikubwa hawakuugua. Mbu hachagui kazi ya mtu. Kama mbu ndiye angekuwa mwenezi, jirani naye angeumwa na kuambukizwa.

La tatu ni idadi ya wagonjwa ndani ya familia moja. Katika homa ya ubongo ya Kijapani, chini ya mtu 1 katika kila watu 100 walioambukizwa hupata uvimbe wa ubongo. Wengine hawapati dalili yoyote au hupata homa nyepesi. Ni nadra basi watu kadhaa wa nyumba moja kuzidiwa kwa wakati mmoja. Mashambani Malaysia jambo hilo lilitokea.

La nne ni nguruwe wenyewe. Homa ya ubongo ya Kijapani kwa kawaida haimfanyi nguruwe aonekane mgonjwa, isipokuwa majike wenye mimba, ambao huweza kuzaa watoto waliokufa. Nguruwe wa Perak walikuwa wakihema kwa shida na kukohoa kikohozi kikavu chenye sauti kubwa kama kubweka kwa mbwa. Baadhi walitetemeka na kushindwa kusimama sawasawa. Kwa kuwa wengi wao hawakufa, kikohozi hicho hakikuchukuliwa kwa uzito uliostahili.

La tano, na ndilo kiini cha makala hii, ni chanjo. Miongoni mwa waliougua walikuwamo watu waliokwisha kuchanjwa dhidi ya homa ya ubongo ya Kijapani, na maambukizi yaliendelea katika maeneo ambako nguruwe walichanjwa na mbu walipuliziwa dawa. Hatua mbili tofauti, zenye ufanisi unaojulikana, zilishindwa kwa pamoja. Uwezekano wa zote mbili kushindwa mahali pamoja na wakati mmoja ulikuwa mdogo kuliko uwezekano wa kwamba zilikuwa zimeelekezwa kwa ugonjwa ambao sio.

Wakati huo huo, hofu iliwafanya wafugaji wa Perak kuwauza nguruwe wao kwa bei ya chini, na malori yakawasafirisha kuelekea kusini. Kufikia Desemba 1998 na miezi iliyofuata, wagonjwa walianza kuonekana katika jimbo la Negeri Sembilan, ambako eneo la Bukit Pelandok liliathirika kuliko yote. Machi 1999, wafanyakazi wa machinjio nchini Singapore, waliokuwa wakichinja nguruwe kutoka Malaysia, nao waliugua. Wagonjwa 11 walithibitishwa huko na mmoja wao akafariki. Mbu hawakuvuka masafa hayo. Waliosafiri ni nguruwe.

Kirusi chapata jina

Mapema Machi 1999, Dkt. Chua Kaw Bing wa Chuo Kikuu cha Malaya alifanikiwa kukuza kirusi kutoka katika maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa. Seli zilizoambukizwa katika maabara ziliungana na kuwa mafungu makubwa yenye viini vingi, jambo ambalo halikulingana na kirusi cha homa ya ubongo ya Kijapani. Sampuli zilipelekwa Marekani. Chini ya hadubini ya elektroni kirusi hicho kilionekana kuwa cha familia ya paramiksovirusi, ile yenye kirusi cha surua, na vipimo zaidi vilionesha kuwa ni ndugu wa karibu wa kirusi cha Hendra, kilichotambuliwa Australia mwaka 1994 baada ya kuua farasi na watu. Kirusi kipya kilipewa jina la Nipah, kutokana na kijiji cha Sungai Nipah alikotoka mgonjwa husika.

Baada ya hapo mambo yalieleweka. Makazi ya asili ya kirusi cha Nipah ni popo wakubwa walao matunda. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba miti ya matunda iliyopandwa kandokando ya mabanda iliwavuta popo, na matunda yaliyong'atwa au mkojo wao ukaangukia humo. Nguruwe mmoja akaambukizwa, kikohozi kikaeneza kirusi banda zima, na watu wakaambukizwa kwa kugusa mate, makamasi na damu ya nguruwe wagonjwa.

Hatua zikabadilika kulingana na utambuzi mpya. Usafirishaji wa nguruwe ulipigwa marufuku, wafanyakazi wakapewa vifaa vya kujikinga, na nguruwe zaidi ya milioni 1 wakaangamizwa. Uchunguzi wa damu ukafanyika katika mashamba mengine nchini, na yaliyokutwa na maambukizi nayo yakaondolewa nguruwe wote. Mlipuko ukakoma. Hasara kwa wafugaji ilikuwa kubwa mno, na familia nyingi zilizopoteza ndugu zilipoteza pia riziki. Laiti ugonjwa ungetambuliwa mapema, kabla nguruwe hawajapakiwa kwenye malori kuelekea kusini, sehemu kubwa ya hasara hiyo ingeepukika.

Kuna jambo jingine linalopaswa kusemwa bila kificho. Miongoni mwa njia ambazo watafiti walizitaja kuwa huenda zilieneza kirusi ndani ya shamba moja ni matumizi ya sindano moja kwa nguruwe wengi. Kazi ya kuchanja, isipofanywa kwa usafi, inaweza yenyewe kubeba ugonjwa kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine.

Ufanisi wa chanjo hupimwaje?

Ili funzo hili litumike ipasavyo, ni vyema kueleza maana ya neno ufanisi. Wataalamu hutofautisha mambo mawili. Kuna ufanisi wa majaribio, unaopimwa katika mazingira yanayosimamiwa: wanyama wenye afya, dozi kamili, chanjo iliyohifadhiwa vizuri, na kirusi kinachojulikana. Kuna pia ufanisi wa matumizi, unaopimwa katika hali halisi ya shamba au kijiji, ambako umeme hukatika, dozi hukosekana na wanyama wengine tayari wana maradhi.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue mfano wa kufikirika: katika shamba moja, nguruwe 100 wamechanjwa na 100 hawajachanjwa. Ugonjwa unaingia. Kati ya wasiochanjwa wanaugua 40, na kati ya waliochanjwa wanaugua 10. Waliochanjwa wamepata robo ya hatari ya wenzao, hivyo chanjo imezuia robo tatu ya ugonjwa, yaani ufanisi wake ni asilimia 75. Sasa tuseme kati ya waliochanjwa wameugua 38 badala ya 10. Ufanisi unashuka hadi asilimia 5, kiwango ambacho kwa idadi hiyo ya wanyama hakiwezi kutofautishwa na kutokuwapo kwa kinga kabisa.

Matokeo ya pili yanapopatikana, maswali matatu yanapaswa kuulizwa. Je, chanjo ilikuwa hai ilipoingia mwilini? Je, ilitolewa kwa wakati na kwa mnyama anayefaa? Je, ugonjwa uliopo ndio ule ambao chanjo ilitengenezewa? Kwa mazoea, maswali mawili ya kwanza huulizwa haraka na la tatu husahaulika. Malaysia ilionesha gharama ya kuchelewa kuliuliza la tatu.

Yanayopunguza ufanisi hata pale utambuzi ulipo sahihi

Isidhaniwe kwamba kila chanjo inayoshindwa shambani imekosea ugonjwa. Mara nyingi sababu ni za kawaida. Chanjo nyingi za virusi, hasa zile zenye virusi hai vilivyopunguzwa makali, huharibika zikiachwa kwenye joto. Mnyororo baridi ukikatika mahali pamoja tu kati ya kiwanda na banda, anachodungwa mnyama ni maji.

Sababu ya pili ni wakati. Kinga haijengwi papo hapo. Mnyama aliyekwisha kuambukizwa siku chache kabla ya sindano ataugua hata kama chanjo ni bora, na mfugaji atasema chanjo ndiyo iliyomuua. Sababu ya tatu ni kinga ya mama. Watoto wa nguruwe hupata kingamwili kupitia maziwa ya kwanza ya mama yao, nazo zinaweza kuizima chanjo inayotolewa mapema mno. Sababu ya nne ni mzunguko wa haraka wa mifugo. Nguruwe wa nyama huuzwa baada ya miezi michache na wengine wapya huzaliwa, hivyo kundi lililokuwa na kinga mwezi huu linaweza kuwa na wanyama wengi wasio na kinga miezi michache baadaye.

Sababu ya tano ni tofauti za aina ndani ya ugonjwa mmoja. Kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo, unaowapata ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, kina aina kuu saba, na kinga dhidi ya aina moja haimlindi mnyama dhidi ya nyingine. Chanjo ya aina isiyokuwapo katika eneo husika ni gharama isiyo na faida.

Pale masharti yote yanapotimizwa, matokeo huwa makubwa. Chanjo ya homa ya nguruwe ya kawaida, iliyotengenezwa China katika miaka ya 1950 kwa kupunguza makali ya kirusi kupitia sungura, huanza kutoa kinga ndani ya wiki moja hivi na imesaidia nchi nyingi kuudhibiti ugonjwa huo. Vivyo hivyo, chanjo ya homa ya ubongo ya Kijapani, ile ile iliyoonekana kushindwa Malaysia, imepunguza kwa kiasi kikubwa ugonjwa huo kwa watoto wa Japani na Korea Kusini.

Somo lililokuwa limeshatolewa Kenya

Funzo la Malaysia halikuwa jipya kabisa. Afrika Mashariki ilikuwa imelitoa karibu miaka 80 kabla. Mwaka 1921, daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alichapisha taarifa ya ugonjwa uliokuwa ukiua nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Kwa macho, ugonjwa huo ulifanana na homa ya nguruwe iliyojulikana Ulaya na Amerika: homa, wekundu wa ngozi, kutokwa na damu ndani ya viungo, na vifo vingi. Lakini Montgomery alionesha kwamba kinga dhidi ya homa hiyo ya Ulaya haikuwalinda nguruwe wa Kenya. Kutokana na kushindwa huko kwa kinga, pamoja na ushahidi mwingine, alihitimisha kuwa huo ulikuwa ugonjwa tofauti. Leo unaitwa homa ya nguruwe ya Afrika.

Ugonjwa huo hauambukizi binadamu, na jambo hili linapaswa kuelezwa wazi kwa wananchi. Kwa nguruwe, hata hivyo, unaweza kuua karibu kundi zima. Katika Tanzania, Kenya na Uganda umewafilisi wafugaji wengi wadogo waliotegemea nguruwe kwa ada za shule na matibabu. Mwaka 2007 kirusi chake kilifika Georgia kutoka kusini-mashariki mwa Afrika, kikaenea Ulaya Mashariki, na mwaka 2018 kikaingia China.

Safari ya kutafuta chanjo yake imekuwa ndefu na yenye maumivu. Katika miaka ya 1960, chanjo zenye virusi hai zilizojaribiwa Ureno na Hispania ziliwaacha nguruwe wengi na ugonjwa sugu wa mapafu, viungo na ngozi. Mwaka 2022 Vietnam iliruhusu chanjo ya kwanza ya kibiashara, lakini miezi michache baadaye matumizi yake yalisitishwa kwa muda baada ya nguruwe kufa katika mikoa kadhaa, ikielezwa kuwa baadhi ya waliochanjwa hawakuwa wa kundi lililokusudiwa. Julai 2023 nchi hiyo iliruhusu matumizi mapana ya chanjo mbili.

Mfugaji wa Mbeya au Kiambu anayesikia habari hizo ana haki ya kutumaini, lakini pia ana haki ya kuelezwa mipaka. Chanjo hizo zimetokana na jenotaipu ya pili ya kirusi, ambayo ndiyo iliyotoka Afrika mwaka 2007 na kuenea duniani. Afrika Mashariki, iliko asili ya ugonjwa, ina jenotaipu zaidi ya moja, ikiwamo ya tisa iliyozoeleka Kenya na Uganda. Chanjo iliyofaulu Hanoi haitarajiwi moja kwa moja kufaulu Kampala. Kabla ya kuitumia, ni lazima ijulikane kirusi kilichopo ni kipi. Kwa sasa, kinga ya uhakika kwa mfugaji ni ile isiyo na sindano: kuwafungia nguruwe bandani, kuchemsha kikamilifu makombo ya chakula wanayolishwa, kuzuia wageni na wanunuzi kuingia bandani, kusafisha viatu na vyombo kwa dawa, na kutohamisha nguruwe wakati wa mlipuko.

Maana yake kwa kila mhusika

Kwa mhudumu wa afya, jambo la kwanza ni maswali. Mgonjwa mwenye homa na mabadiliko ya fahamu aulizwe kazi yake, wanyama anaowagusa, na kama wanyama hao wanaumwa. Wagonjwa wawili au watatu wenye dalili zinazofanana kutoka shamba, machinjio au familia moja watolewe taarifa mara moja, bila kusubiri wa nne. Mgonjwa aliyekwisha kuchanjwa dhidi ya ugonjwa unaodhaniwa asichukuliwe kuwa dosari ndogo ya takwimu. Aandikwe, na idadi ya wenzake ihesabiwe. Wagonjwa wasiolingana na dhana ndio mara nyingi wenye habari muhimu kuliko wote.

Jambo la pili ni mawasiliano na wataalamu wa mifugo. Malaysia, kikohozi cha nguruwe kilikuwa dalili muhimu iliyokuwa upande mmoja wa uzio, na wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo walikuwa upande wa pili. Dhana ya Afya Moja inayohimizwa leo maana yake kwa vitendo ni hiyo: daktari wa wilaya awe na namba ya simu ya daktari wa mifugo wa wilaya, na aitumie.

Kwa mfugaji, kumbukumbu za chanjo ni sehemu ya ulinzi. Tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo na idadi ya wanyama waliochanjwa viandikwe, kwani bila kumbukumbu hakuna awezaye kusema kama chanjo imefanya kazi. Kila mnyama apate sindano yake safi. Nguruwe anayeumwa asiuzwe kwa haraka ili kuokoa hasara, kwani hasara hiyo huhamia kwa mwingine na huweza kurudi nyumbani ikiwa kubwa zaidi. Afisa mifugo aitwe kabla ya mnunuzi.

Kwa mgonjwa na mzazi anayesoma habari hizi, tahadhari moja inahitajika. Kisa cha Malaysia hakitoi sababu ya kukataa chanjo. Chanjo ya surua humkinga mtoto dhidi ya surua. Haikuahidi kumkinga dhidi ya nimonia inayotokana na vimelea vingine. Mtoto aliyechanjwa anapougua, swali la busara ni "anaumwa nini?" kabla ya kuuliza "chanjo imefaa nini?" Majibu ya swali la kwanza hutoka kwenye kituo cha afya, wala si kwenye uvumi.

Kuhusu Nipah yenyewe, mpaka sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa binadamu wala kwa nguruwe. Januari 2024, Chuo Kikuu cha Oxford kilianza jaribio la kwanza kwa binadamu la chanjo yake dhidi ya kirusi hicho, hatua ya mwanzo katika safari ndefu. Hata hivyo Malaysia haijapata mlipuko mwingine wa Nipah tangu 1999. Ufugaji wa nguruwe uliwekwa katika maeneo maalumu, miti ya matunda ikaondolewa karibu na mabanda, na uchunguzi wa mifugo ukaendelea. Nchi ambayo kwanza ilichanja bila mafanikio ilikuja kuumaliza mlipuko bila chanjo yoyote, mara tu ilipojua inapambana na nini.